Jibu: Mtoto mwembamba kupata kisukari

Dada wa Jinja, umeuliza inakuwaje mpwa wako wa miaka 11, mwembamba hivyo, aambiwe ana kisukari, na kama mitishamba inaweza kushika nafasi ya sindano.

Inawezekana kabisa. Kwa umri huo mara nyingi ni aina ya 1: kinga ya mwili hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, kemikali inayoingiza sukari ya damu kwenye seli za mwili. Hakuletewa na peremende, wala hakurogwa. Na sindano za insulini hazina mbadala. Zikisimamishwa, asidi hujaa kwenye damu na mtoto anaweza kufa ndani ya siku chache. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu na pumzi kunuka kama matunda, tafuteni bodaboda mwende hospitali usiku huohuo, msingoje kukuche.

Kile cha wazee wetu, aina ya 2, ni kingine: insulini ipo, mwili hauitii. Kinachochangia ni kitambi, kukaa kutwa, ndugu mwenye ugonjwa huo. Watu wanalaumu soda tu, na sahani ina matoke, posho (ugali) na wali pamoja! Kisukari cha mimba kwa kawaida huisha baada ya kujifungua, ila mama apimwe tena.

Sukari ikiachwa juu miaka mingi huharibu macho, figo na moyo. Miguu hufa ganzi. Mtu anakanyaga msumari, hajui mpaka aone damu kwenye kandambili.

Hamna friji? Fungeni insulini ndani ya kopo lisiloingiza maji, mliweke kwenye chungu cha maji kivulini. Isigande tu.