Kabla Hujaandika "Mkaidi" Kwenye Faili

Wewe uliyepangiwa kliniki ya sukari huku Masasi, karibu. Miongozo utaikuta kabatini. Mimi nakupa lile lililonichukua miaka kulielewa: kisukari hakiishii miguuni, machoni na kwenye figo. Kinapanda kichwani, na huko ndiko tunakochelewa kukiona.

Mwaka wangu wa kwanza, msimu wa korosho, nililetewa mzee kwenye bodaboda, mjukuu kamshikilia kwa nyuma asidondoke. Shati limelowa jasho, ulimi mzito, anatukana kila anayemgusa. Ananuka mabibo, yale matunda ya korosho yanayotengenezewa pombe ya uraka. Nikasema, "Uraka huo, mlazeni pale pembeni." Muuguzi mmoja, dada aliyenizidi umri, hakunijibu, alimtoboa kidole. Mashine ikasoma 2.1 mmol/L, sukari imeshuka mno. Kumbe alimeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, alfajiri, akaenda shambani bila kutia kitu tumboni, akaokota korosho mpaka jua la utosi. Harufu ya mabibo ilikuwa ya mikononi tu. Tulipomsukumia dekstrozi, yaani maji ya sukari, mshipani, hazikupita dakika kumi akaketi, akauliza korosho zake kaachiwa nani.

Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu, na hauna ghala la maana la sukari. Sukari chini ya 3.9 ni ya kushughulikia papo hapo. Chini ya 3.0 akili huvurugika: hasira, usingizi, maneno kugongana, hata degedege. Kwa hiyo akiletwa mlevi, mwenye mashetani au aliyepooza ghafla, toboa kidole kwanza. Hata kama kanywa kweli, pima, maana pombe huzuia ini kutoa sukari. Anayemeza vizuri mpe vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, rudia kipimo baada ya dakika 15, kisha ale. Aliyezimia usimmiminie kitu mdomoni. Na wa glibenklamidi usiwe na haraka ya kumruhusu, hasa mzee au mwenye figo mbovu. Dawa ile hukaa mwilini, sukari ikashuka tena usiku yuko kwao. (Ramadhani nayo usiingoje iandame. Wanaofunga wapangie dozi upya mapema.)

Sukari iliyokaa juu miaka mingi ina ujanja mwingine. Huharibu mishipa midogo ya ubongo taratibu, na mtu hachanganyikiwi, anapungua kasi tu: umakini, kupanga mambo, kukumbuka.

Nilikuwa na mama muuza ming'oko, vile viazi vya porini, sokoni, zamani hodari wa kurudisha chenji. Daftari lake lilikuwa linaruka, leo 4, kesho 19. Nilishamwandika mkaidi. Siku moja nikamwambia, "Mama, hebu nionyeshe unavyojichoma." Akavuta insulini sawasawa, akaweka bomba mezani, akageuka kufunika kichupa. Aliporudi akaniuliza, "Hivi nimeshachoma?"

Nikamwita binti yake. Tukapatana: kila akichoma, ahamishe punje moja ya mahindi kutoka kopo hili kwenda lile, na binti akague jioni. Daftari likatulia, 8, 11, 9. Mwezi uliofuata alikuja analalamika kwamba kuku kaingia ndani, kala hesabu yote ya wiki.