Piga hesabu ya wimbi kwanza, ndipo uwashe programu

Unaanza kuunda modeli za misukosuko ya umeme, ile volteji inayoruka ghafla radi inapopiga laini au swichi inapofungwa? Jifunze kwanza kulifuata wimbi kwa kalamu. Programu utaizoea tu.

Tuseme laini ya juu yenye impidansi ya wimbi (uwiano wa volteji na mkondo wa wimbi linalosafiri) ya omu 400 imeungwa na kebo ya omu 40. Wimbi bapa, lile linalopanda ghafla na kubaki juu, la kilovolti 1,000 likifika kwenye kiungo, zinazopenya ni kama 182 tu: mara mbili ya 40, gawanya kwa 440. Wengi hapo hupumua. Lakini mwisho wa kebo ukiwa wazi, volteji huongezeka maradufu, 364. Wimbi hurudi, likagonga kiungo, sehemu yake kubwa ikasukumwa tena ndani, na likifika mwishoni mara ya pili unasoma kama 661. Kebo hupanda ngazi kwa ngazi.

Hili lilinipata. Kebo yangu ilikuwa ya mita 850, na wimbi humo lilikwenda kama mita 170 kwa mikrosekunde. Pigo la kwanza lilifika mwishoni kwenye mikrosekunde ya 5, la pili kwenye ya 15. Mimi nilisimamisha uigaji kwenye ya 12, nikaandika kwamba kebo iko salama. Msimamizi wangu aliligundua kosa kwa kuchora mistari ya mshazari ya wimbi likienda na kurudi, kompyuta hakuigusa.

Hatua ya muda, yaani pengo kati ya hesabu moja ya programu na inayofuata, nayo inatoka kwenye hesabu hiyohiyo. Katika mbinu ya uigaji aliyoichapisha mhandisi Hermann Dommel mwaka 1969, kila ncha ya laini huiona ncha nyingine kama ilivyokuwa muda wa safari uliopita, kwa hiyo hatua lazima iwe fupi kuliko safari ya kipande kifupi kuliko vyote. Mita 300 za laini ya juu ni mikrosekunde 1. Mimi huanza na sehemu ya kumi ya hapo.

Modeli ya pai, ile inayoikusanya laini katika ukinzani, koili na kapasita chache bila muda wa safari, inafaa kwa mambo ya polepole. Kwa radi, tumia vigezo vinavyobadilika na masafa (frikwensi), maana ukinzani wa waya na wa ardhi hupanda masafa yakipanda. Ukiuacha ule wa hezi 50, wimbi halitafifia inavyopasa. Kwenye kebo, usiingize data kabla hujajua ala ya chuma (ganda linaloizunguka kebo) imeungwa na ardhi ncha moja au zote mbili.