Mkuu, msilipe Ijumaa. Mwalimu wenu yuko wapi?

Umeandika kuwa wewe ni mjumbe wa bodi ya sekondari ya kata huko Kongwa, wazazi na wenyeji walioko mjini wamechanga shilingi milioni 8, mnataka kuanza mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi wa mikono, Januari, na Ijumaa hii mnamlipa muuza mashine za kuchomelea nusu ya hela. Ukauliza mambo manne: fani gani ina soko, usajili unaendaje, walimu mtawatoa wapi, na mabinti wawekewe nini. Walimu umewaweka namba tatu! Nilipofika hapo moyo ulinipiga paa.

Mpigie mwenyekiti wako usiku huu, hata kama amelala.

Njia hiyo nimeipita. Mwaka 2023, tuliposikia kwamba kuanzia Januari 2024 baadhi ya shule zitaanza kupokea kidato cha kwanza wa amali, nilikuwa makamu mkuu wa shule moja ya kata wilayani Bahi. Tukaona tusipowahi tutaachwa nyuma. Akaja bwana mmoja na gari, vitabu vya picha za rangi na maneno matamu: "Nyie wekeni mashine. Karakana ikishajaa mwalimu ataletwa tu, serikali haiwezi kuacha mali ikae bure." Afisa aliyefuatana naye akaitikia, akaahidi kuwa mwalimu wa ufundi atafika kabla shule hazijafunguliwa. Kwenye kikao mimi ndiye niliyeunga mkono hoja. Milioni 11.6, mkuu. Humo ndani mlikuwa na hela za watu waliouza mbuzi na magunia ya alizeti.

Mashine zilishushwa Oktoba: mbili kubwa za kuchomelea, drili ya mezani, grinda tatu. Fundi umeme alipokuja kuziunga ndipo tulipojua kuwa zile kubwa zinataka umeme wa njia tatu, na uliofika shuleni kwetu ni wa njia moja. Muuzaji alijua. Alisimama chini ya nguzo yetu ya umeme kupiga picha! Nilipompigia akasema tununue jenereta, na kwamba jenereta anayo. Mpaka leo nikikutana na gari la rangi ile barabarani damu inanichemka.

Lakini umeme unaombwa, unalipiwa, unakuja. Januari tuliletewa mwalimu kweli, wa Uraia. Kijana mchapakazi, hana kosa lolote. Usajili ulikuwa bado, wazazi wanauliza hela yao imezaa nini, tukasema tuanze kama klabu ya jioni huku tukisubiri. Tukambebesha mwalimu wa Fizikia. Naye alikuwa peke yake, kidato cha kwanza mpaka cha nne, kwa hiyo kila saa tuliyompa ya karakana tuliwanyang'anya watoto wa kidato cha nne. Alichora mashine ubaoni, wanafunzi wakaandika majina ya sehemu zake. Muhula mzima ukaisha hakuna aliyeunganisha vipande viwili vya nondo. Kuku wa mlinzi alitaga kwenye sinia la drili akatotoa vifaranga tisa. Cheka, mkuu, hata watoto walicheka, lakini ndiyo kazi pekee iliyokamilika kwenye karakana ile muhula ule.

Halafu likatokea lile ambalo sitalisahau. Tuliazima mashine ndogo inayokubali umeme wetu, mwalimu akajaribu kuwaonyesha. Kioo cha kujikinga kilikuwa kimoja. Wengine walisimama nusu duara wakitazama cheche kwa macho matupu, kwa sababu hata mwalimu hakujua mwanga ule unafanya nini. Usiku kijana mmoja akaanza kulia kwamba macho yamejaa mchanga. Tukampakia kwenye pikipiki mpaka zahanati. Alipona baada ya siku mbili, namshukuru Mungu. Asubuhi mama yake alikuja ofisini, akakaa, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, pale alikuwepo nani anayeijua hiyo kazi?" Sikuwa na jina la kumtajia.

Ndipo tukamtafuta fundi anayechomelea mageti kando ya barabara kuu. Hakuwa na cheti cha ualimu, lakini wiki ya kwanza watoto waliunga fremu ya dirisha. Tulikubaliana 150,000 kwa mwezi. Tukamlaza stoo, maji akanunua mwenyewe kwa ndoo, mshahara ukachelewa miezi miwili. Akaenda zake Mtumba kwenye ujenzi wa mji wa serikali. Simlaumu hata chembe.

Na wewe uko Kongwa, mkuu! Wazee wenu walisimuliwa mashamba ya karanga ya Waingereza. Walianza 1947 kwa kuleta matrekta, na udongo ule wa mfinyanzi ukikauka unakuwa kama saruji, ukawavunjia majembe. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Walinunua kwanza, wakauliza baadaye.

Kwa hiyo suala la fani ipi ina soko liache. Fani imfuate mwalimu. Mpate mtu kwanza, ndipo mjue karakana yenu ni ya nini. Ukimpata fundi cherehani aliyepitia Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro, basi fani yenu ni ushonaji, na cherehani za kukanyaga hazidai umeme. Ukimpata mwalimu mstaafu wa vyuo vya ufundi vya VETA ambaye kwao ni hapo hapo, huyo mfuate mpaka nyumbani. Na kama yupo atakayekwambia kwamba kilimo ndiyo rahisi, naye muulize nani atafundisha, tena amwambie huyo mwalimu kwamba mvua zetu zinaanza Desemba shule zikiwa zimefungwa, kwa hiyo bila maji ya kumwagilia watoto watarudi Januari wakute wenzao wameshapanda.

Hizo milioni 8 zigawe hivi. Milioni 3 mziweke pembeni, zisiguswe, ni 250,000 kwa mwezi kwa mwaka mzima, mwalimu alipwe tarehe ile ile kila mwezi hata kama wazazi wamechelewa kuchanga. Milioni 2 mtengeneze nyumba yake: mlango unaofungwa, choo, simtanki la maji. Huku kwetu mwalimu hakimbizwi na kazi, anakimbizwa na ndoo. Milioni 3 zinazobaki mkabidhini yeye aende dukani na mjumbe mmoja wa bodi, achague vifaa kwa mkono wake, na vya kwanza kununua viwe vya kukinga macho na mikono.

Muuzaji akija Ijumaa, mwombe jina na namba ya simu ya mtu atakayefundisha mashine zake shuleni kwenu. Mpigie mtu huyo hapo hapo, muuzaji akiwa amekaa mbele yako.

Mwenyekiti ameshapokea simu?