Kizuizi Kiwe cha Zama Zile

Mhariri, swali lenu la wiki hii, kwamba mwandishi wa hadithi ya mapenzi ya zama zilizopita anadaiwa nini na historia, limenikuta hapa Iringa nikiwa na mswada uliokwama kwa sababu hiyohiyo. Nakisia kwamba wasomaji wengi watajibu kwa kutaja tarehe, mavazi, vyakula na silaha, nao hawatakuwa wamekosea. Ila kwa maoni yangu deni kubwa liko kwingine. Katika kila hadithi ya mapenzi kuna jambo linalowazuia wawili wasioane mapema, na jambo hilo ndilo linalopaswa kuzaliwa na zama zinazosimuliwa. Mwandishi akikosea bei ya chumvi atasamehewa. Akichukua kizuizi cha siku hizi na kukipeleka mwaka 1893, ameandika hadithi ya leo na kuibandika tarehe ya zamani.

Tunaoandika hadithi za aina hii hapa mjini ni wachache. Hukutana Jumamosi mbili kwa mwezi katika chumba cha nyuma cha mwenzetu fundi cherehani, kila mmoja akiwa na kurasa alizotolea nakala steshenari. Mmoja husoma kwa sauti na wengine hushika kalamu. Makosa madogo hukamatwa papo hapo. Niliwahi kusoma sura ambayo kijana analipa shilingi tano mwaka 1908, na muuguzi mstaafu tunayemwita Mama Mkubwa akanikatiza: "Mwanangu, mwaka huo watu walihesabu rupia na hela, hizo hela ambazo jina lake tunalo mpaka leo. Shilingi ililetwa na Mwingereza mwaka 1921." Mwenzangu mwingine aliwapeleka wapenzi wake "mjini Iringa" mwaka 1892, wakiutazama mji kutoka juu ya jiwe la Gangilonga, ilhali makao ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, yalikuwa Kalenga, na mji huu tunaoishi ulianzishwa na Wajerumani baada ya kuivunja ngome ya Kalenga mwezi Oktoba 1894, wakaja na jina lililotokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe. Makosa kama hayo hayachukui dakika tano kurekebisha, nami sioni sababu ya kuyatolea machozi.

Lililonitoa machozi lilikuwa jingine. Mswada wangu wa kwanza ulihusu binti wa Kalenga aliyempenda kijana askari wa mikuki, huku baba yake akimtaka aolewe na mzee tajiri. Nilikuwa nimesoma sana kuhusu vita vya Lugalo vya Agosti 1891, Wahehe walipowashinda Wajerumani, najua nani alikufa na bunduki ngapi zilitekwa, na nilijaza yote humo. Nilipomaliza kusoma, Mama Mkubwa aliuliza swali moja tu: ukiwahamishia watu hawa Mafinga mwaka huu, ukawapa simu na pikipiki, ni nini kitabadilika? Nilifikiri kwa muda mrefu nikakosa jibu, kwa kuwa baba mwenye tamaa na mzee mwenye mali wapo hata leo. Akasema, "Basi hawa ni watu wa Mafinga uliowavika migolole." Tangu siku hiyo tunakiita kipimo cha Mafinga, na kila mswada hupitishwa humo kabla ya jambo lolote lingine.

Ngoja nieleze kipimo hicho kwa mswada nilionao sasa. Kwa upande wa mama mimi ni Mnyakyusa, na hadithi yangu iko Rungwe mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakati sotoka, ugonjwa wa mifugo, ilipopita Afrika Mashariki na kuwamaliza ng'ombe. Kwa Wanyakyusa mahari ilikuwa ng'ombe, na mara nyingi kijana alioa kwa ng'ombe walioingia nyumbani dada yake alipoolewa. Sasa fikiria nyumba ambayo dada ameolewa, ng'ombe wamepokelewa, kaka ameshachumbia kwa kuwategemea hao, kisha ndani ya wiki chache zizi limebaki tupu. Binti anamtaka kijana. Baba wa binti anampenda kijana. Hakuna mwovu hata mmoja katika hadithi nzima, na bado hawawezi kuoana, kwa sababu baba huyo naye ana mtoto wa kiume anayesubiri kuoa kwa ng'ombe wa dada yake. Msiba wa mifugo umekuwa msiba wa ndoa za ukoo mzima, na ndoa iliyozuiwa Rungwe inazuia nyingine vijiji viwili mbele. Kizuizi cha namna hiyo huwezi kukihamishia Mafinga ya leo hata ukijaribu.

Zama zikishakupa kizuizi, hukupa na mahali pa kukutania. Wanyakyusa wa wakati ule walikuwa na vijiji vya marika: wavulana walitoka nyumbani wakajenga kijiji chao wenyewe, wakawa wanalala huko na kurudi kwa mama zao kula. Kwa hiyo shujaa wangu hana chumba wala ua wa kujificha, bali ana wenzake wa rika wanaoona kila anakokwenda, wanaomtania, na ambao chakula cha mama yake ni chakula chao pia. Nilipolielewa hilo, nilifuta sura nne za kunong'onezana gizani nikaandika moja ambayo wapenzi wanazungumza mbele ya watu kumi kwa maneno ya utani, na hao kumi wanadhani ni mzaha tu.

Usiri ndio unaowashinda waandishi wengi, maana tumezoea kudhani kwamba mapenzi daima yana faragha. Bibi yangu wa upande wa baba, aliyeishi Kilolo, aliachwa nyumbani na mchumba wake, yaani babu, aliyekwenda Tanga kukata mkonge, mmoja wa vijana wengi wa nyanda hizi walioitwa manamba. Bibi hakujua kusoma. Barua za babu zilisomwa kwa sauti na mwalimu wa kanisa, mbele ya mama mkwe mtarajiwa, na majibu yaliandikwa na mwalimu huyohuyo. Bibi alitusimulia kwamba alikuwa akimwagiza aandike kuwa mbuzi mwekundu bado anakataa kamba za watu wengine, na kwamba babu, aliyejua vizuri kuwa kwao hakuna mbuzi mwekundu, alielewa. Mwandishi anayempa msichana wa miaka hiyo barua ya kusoma peke yake chini ya mti amejinyima utamu wote huo.

Waingereza, ambao hadithi hizi wanaziandika kwa wingi na wana chama cha waandishi wa mapenzi tangu 1960, wanazipenda mno zile zilizowekwa kati ya 1811 na 1820, mfalme wao alipougua na mwanawe akashika madaraka kwa niaba yake. Miaka tisa tu, lakini ilikuwa na vizuizi vya kutosha: mashamba yaliyorithiwa na wanaume, binti asiye na mali ya kuingia nayo katika ndoa, msichana anayeharibikiwa jina kwa kuonekana peke yake na mwanamume bustanini. Hayo ni yao na yanawafaa. Tatizo ni sisi tunaposoma vitabu hivyo kisha tukamwandika binti wa Kihehe anayezimia kwa kuonekana na kijana njiani kuelekea mtoni. (Mswada huo upo, na mwenyewe atajijua.) Jambo jingine nisingependa tuliazime ni lile lililoenea katika riwaya za Kimarekani za miaka ya 1970, la mwanamume anayemteka mwanamke kisha akageuka mpenzi wake. Wenyewe walibishana sana juu yake na wengi wakaliacha. Vita vya huku kwetu vilikuwa na mateka wa kike, na mwandishi anayetaka kuwaandika awaandike, ila asiuite utekaji uchumba.

Linabaki suala la mwisho wa furaha, ambao msomaji wa hadithi hizi huudai kama haki yake. Mmoja wetu huuza hadithi yake kwa simu, kipande kwa kipande, na wasomaji walipogundua kwamba inaelekea Julai 1898, Mkwawa alipojiua, walianza kumtumia ujumbe wa kutisha kidogo. Nilimshauri aimalize mapema mwaka huo, wapenzi wakiwa hai na msomaji akiwa anajua wasichokijua. Mwingine anaandika kuhusu ujenzi wa reli ya TAZARA, ambapo kijana wa kambi ya Makambako anasogezwa mbele kila reli inaposogea kuelekea Tunduma. Yeye ana bahati, kwani reli ina mwisho wake na kijana anaweza kupanda treni akarudi.

Mimi sikuwa na bahati hiyo. Vijana wa kundi letu walitaka shujaa wangu apate ng'ombe kwa muujiza, nami nilijaribu kumpeleka kwa wamisionari Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891, akabeba mizigo yao na kulipwa nguo, lakini nguo hazikuwa ng'ombe na baba mkwe nisingeweza kumfanya mjinga. Jumamosi iliyopita Mama Mkubwa alipendekeza kwamba binti atolewe kwa majembe machache na deni la ng'ombe, deni litakalolipwa mifugo itakapozaliana tena. Kwa hiyo sura ya harusi imehamia katikati ya kitabu, na sura ya mwisho ni ya miaka sita baadaye, mume na mke wakimswaga ndama mmoja kuelekea kwa baba mkwe. Sasa namtafuta mzee wa Rungwe wa kunieleza ndama kama huyo angeitwa jina gani.