Mzungu aliyewaita Wahindi Bombay

Mwanangu,

Swali lako limenifanya nilale macho: iweje Congress, chama kilichowatoa Waingereza India, kiwe kimeanzishwa na Mwingereza?

Ni kweli, Allan Octavian Hume, mtumishi mstaafu wa serikali na mpenda ndege kupindukia, ndiye aliyehangaikia mkutano ule wa kwanza. Lakini usianzie kwake. Anzia 1883.

Mwaka huo serikali ya Lord Ripon, gavana mkuu wa Waingereza India, ilileta muswada wa Ilbert, wa kuwaruhusu mahakimu Wahindi wa wilayani kusikiliza kesi za jinai za Wazungu. Wazungu wa Calcutta wakaja juu! Wakachangishana fedha, wakaitisha mikutano, wakajaza magazeti kejeli ambazo sizirudii hapa. Januari 1884 sheria ikapita, makali yamekatwa: Mzungu akishitakiwa aweza kudai jopo ambalo angalau nusu yake ni Wazungu wenzake.

Mimi naona hapo ndipo somo lilipowaingia wasomi wa Kihindi. Watu wachache waliojipanga wameipigisha magoti serikali nzima, wao je? Vyama walikuwa navyo, Poona tangu 1870, Calcutta tangu 1876, ila kila mji ulilia kivyake.

Basi Hume akawakuta wameshaiva. Mkutano ulipangwa ufanyike Poona, kipindupindu kikauhamishia Bombay, tarehe 28 Desemba 1885. Wajumbe 72, wengi mawakili na watu wa magazeti; kitini yuko Bonnerjee, wakili wa Calcutta. Mkulima usimtafute humo. Waliomba mitihani ya utumishi wa serikali ifanyike India pia, si London tu, na matumizi ya jeshi yapunguzwe. Kisha wakamshangilia Malkia Victoria. Usicheke.

Wapo wasemao Hume alikuwa anafunua chungu tu kisifurike, hasira za Wahindi zipate pa kutokea. Yawezekana, maana vita vya 1857, Wahindi walipowaasi Waingereza, alivipigana mwenyewe kule wilayani Etawah. Ila Gokhale, kiongozi mmoja wa chama hicho, alishalijibu swali lako mwaka 1913: angeanzisha Mhindi, wakubwa wangetafuta njia ya kukizima chama. Walihitaji mwamvuli, na mwamvuli ulikuwa Mzungu.

Mwaka 1905 Waingereza walipoligawa jimbo la Bengal, na Wahindi kwa hasira wakavichoma moto mitaani vitambaa vya Manchester, vya Uingereza, Hume alikuwa kwao Uingereza, mzee wa miaka 76. Chama kilishajua kutembea juani.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako