Draya ya gesi inazunguka bila joto: chungulia kiwashio kabla ya kununua vali

Mkuu, kwa ulivyoeleza, draya yako (mashine ya kukausha nguo) hapo Sakina, Arusha, inakausha vizuri mzigo wa kwanza asubuhi, kisha kuanzia wa pili pipa linazunguka tu na shuka za wageni zinatoka mbichi. Ukiipumzisha saa moja inarudi. Fundi amekwambia vali ya gesi imekufa, ununue nzima. Naomba usitoe hela bado. Mimi nahudumia mashine za kufulia za loji na hoteli kati ya mjini na Usa River, na zamani nilikuwa Moshi, na ugonjwa huu naujua. Vali nzima kufa ni nadra sana.

Kabla hujashika bisibisi, tazama moto. Draya nyingi zina kidirisha kidogo cha kuchungulia upande wa chini mbele, nyingine inabidi ufungue paneli ya chini. Zima taa za chumba, weka joto la juu, washa, kisha inama uangalie.

Mashine isiyo na hitilafu hufanya hivi: mota inaanza kuzunguka, kiwashio (kile kijiti cha kijivu mbele ya bana, yaani sehemu inapowakia gesi) kinaiva chekundu, kisha rangi ya chungwa hadi kinakaribia weupe, ndani ya dakika moja au pungufu. Pembeni yake kuna sensa ya moto. Ikishapata joto la kutosha inakata umeme wa kiwashio na kuupeleka kwenye koili ya pili ya vali (koili ni mzingo wa waya unaofungua vali ukipata umeme). Hapo utasikia "tak", na moto wa bluu unaingia kwa mvumo.

Sasa ona kwako inakwama wapi. Kiwashio kisipoiva kabisa, zima, chomoa umeme, pima kiwashio kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme). Kizima husoma kati ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 50 na 400 hivi, kilichovunjika hakisomi kitu. Wakati mwingine ufa wake ni mstari mwembamba usiouona bila tochi. Kipya usikishike kwa vidole sehemu inayoiva, maana mafuta ya mkono hukiharibu. Kama kiwashio ni kizima, fuata njia ya umeme: fyuzi ya joto (inayokata mashine ikizidi moto), thamostati (kidhibiti joto), sensa yenyewe. Kiwashio kikiiva na kikabaki kinawaka bila kuzimika, sensa imeganda, badilisha.

Kwako lakini nadhani utaona hali ya tatu: kiwashio kinaiva, kinazimika, halafu moto hauji. Baada ya muda sensa inapoa, kiwashio kinaiva tena, kinazimika tena, inaendelea hivyohivyo. Hapa ndipo watu wengi wanapotea, kwa sababu kuna vitu viwili vinavyoleta hali hiyo, na vyote viwili hupona ukiipumzisha mashine.

Cha kwanza ni koili za vali. Zikichoka, zinafanya kazi zikiwa baridi, zikishapata moto zinakosa nguvu ya kuvuta. Zimekaa juu ya vali, zinatolewa bila kugusa njia ya gesi, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na vali. Katika aina iliyozoeleka, koili ya pini tatu husoma karibu omu 1,300 na 550, ya pini mbili karibu 1,200. Ila zipime mara tu mashine inapogoma, zikiwa bado moto. Zikishapoa zinaweza kukusomea vizuri kabisa, na hapo ndipo fundi anapohitimisha kwamba koili ni nzima na vali ndiyo mbovu. Ukibadilisha, badilisha zote kwa pamoja.

Cha pili ni mtungi, na hili kwa Arusha nalisisitiza. Hukutaja unatumia mtungi wa kilo ngapi. Gesi iliyomo ndani ni majimaji. Ili igeuke hewa inahitaji joto, na joto hilo inalivuta kutoka kwenye chuma cha mtungi na hewa inayouzunguka. Draya ya ukubwa wa nyumbani ina bana ya BTU (kipimo cha joto) 22,000 hivi kwa saa, ambayo ni karibu nusu kilo ya gesi kila saa. Za biashara hula zaidi ya hapo. Julai hapa asubuhi inashuka hadi nyuzi 12 au 13, na ndio msimu wa watalii, shuka hazipumziki. Mtungi wa kilo 6 hauwezi kazi hiyo, na wa kilo 15 ukiwa umebaki nusu nao unaelemewa. Unaanza kutoa jasho, kisha unafanya barafu nyeupe kuanzia chini hadi usawa wa gesi iliyobaki. Shinikizo linaanguka, moto unakuwa mdogo au haushiki kabisa.

Kuvitofautisha ni rahisi ukiwa umeinama pale pale. Kiwashio kikizimika bila ile "tak", shuku koili. "Tak" ikisikika na moto ukaja dhaifu au usije, nenda kashike mtungi. Ukiwa wa baridi kali na una ukungu wa barafu, jibu umelipata: unganisha mitungi miwili ya kilo 38 kwa pamoja, nje, kivulini, penye hewa. Tafadhali sana usiumwagie maji ya moto wala kuusogezea jiko. Nimekuta watu wanafanya hivyo na iliniuma kuona. Ukimaliza kuunganisha, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kukaa kwenye mashimo.

Kama mashine ni mtumba kutoka Marekani, uliza jambo moja zaidi: nozeli (kile kipande chenye tundu la kupitisha gesi kwenye bana) ilibadilishwa? Nyingi za kule zimetengenezwa kwa gesi asilia, ile ya aina ya Songo Songo inayopita kwenye mabomba Dar. Huku kwetu tunatumia ya mitungi, yenye shinikizo kubwa na nguvu zaidi, kwa hiyo tundu la nozeli lazima liwe dogo. Isipobadilishwa utaona moto mrefu wa njano na masizi, na fyuzi ya joto itakatika kila mara. Angalia pia transfoma inayoshusha umeme wetu ili uifae mashine hiyo. Ikiwa ndogo, volti zinashuka mota ikiwaka, na koili zinakosa nguvu hata zikiwa mpya.

Bomba la kutolea hewa nimeliacha mwisho kwa sababu dalili zake si zako: moto unawaka na kukatika haraka haraka, nguo zinatoka za moto lakini mbichi. Hata hivyo toka nje uweke mkono kwenye mdomo wa bomba. Nilipokuwa mji wa Moshi, kwenye hoteli za wapanda mlima, nilikuwa natoa wavu wa kuzuia ndege umezibwa na nyuzi za nguo na vumbi la mlimani, umeshikana mnene kama blanketi. Hewa inayotoka hapo ina sumu ya kaboni monoksidi, kwa hiyo bomba lisiishie ndani hata siku moja.

Na fundi akikwambia fyuzi ya joto "airuke" kwa waya ili kazi iendelee, mkatalie. Vijana wako wanafanya kazi mle ndani siku nzima.

Jaribu leo jioni mashine ikigoma, kisha niambie: "tak" umeisikia au hujaisikia, na mtungi una hali gani. Nikijua hayo mawili nitakwambia ununue nini.