Kabla hujanunua kompyuta mpya, fungua kwanza hiyo uliyonayo

Wiki hii kuna dada kaniandikia, anaediti video za harusi nyumbani kwake, anasema kompyuta imejaa, drive C imekuwa nyekundu, na kuna mtu anamuuzia SSD ya nje (diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya tera 16, yaani GB 16,000, kwa bei ya kutupa, je achukue? Dada yangu, usichukue! Zile za bei hiyo ndani mara nyingi unakuta kimemori kadi kidogo tu, kimechezewa ili kiidanganye Windows kwamba kina tera 16. Utakopi mafaili utaona yanaingia vizuri, siku ya kuyafungua hayafunguki. Kama umeshanunua, ipime na programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza data halafu inaisoma upya, uongo unajulikana.

Meseji hiyo imenigusa kwa sababu nimepita humohumo. Mashine yangu ni Dell OptiPlex ya mtumba, ile ya mnara, ilikuja na diski ya GB 500. Ilipojaa nikaipeleka kwa fundi, hata hakuifungua. Akaigonga kwa juu akasema hii imezeeka haipokei diski nyingine, niachie kwa bei ya chakavu nikutafutie mpya. Mbele ya wateja wengine jamani, na mimi mwanamke nimeipakata CPU kwenye bodaboda mpaka pale. Mpaka leo nikipita ule mtaa roho inaniuma.

Nikarudi nayo nyumbani, nikachomoa umeme, nikafungua ubavu. Vumbi tupu, lakini kwenye mazabodi (ubao mkuu wa ndani) kulikuwa na tundu la SATA, lile la kuchomekea waya wa data wa diski, halina kitu, na kwenye pawa saplai waya bapa wa umeme unaning'inia haujachomekwa popote. Nafasi ya diski ya pili ilikuwepo tangu mashine inatoka kiwandani! Nikanunua diski ya tera 2 na waya wa data, nikafunga skrubu mwenyewe, nikawasha, na leo naediti nyumbani kwangu bila kufuta kazi ya mteja hata moja. Najivunia hilo na sifichi.

Sasa sikiliza hapa maana ndipo wengi wanapokwama. Diski mpya ukiifunga haionekani kwenye This PC, mtu anairudisha dukani anasema mbovu. Siyo mbovu. Bonyeza kulia kwenye Start, ingia Disk Management, utaiona pale chini imeandikwa Not Initialized, chagua GPT (mpangilio wa diski wa kisasa) maana MBR, ule wa zamani, inaishia tera 2, tengeneza voliyumu (sehemu ya kuwekea mafaili), fomati kwa NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, basi. Na tera 1 ikisomeka GB 931 hujaibiwa, kiwanda kinahesabu kwa 1,000 na Windows inahesabu kwa 1,024.

Ukipata hela tena ongeza SSD, hata ya SATA ya kawaida, Windows uihamishie huko na video zibaki kwenye diski kubwa. Diski ya kuzunguka ikijitahidi sana inasoma MB mia mbili na kitu kwa sekunde, SSD ya SATA inafika 500 na zaidi, utaona tofauti siku hiyohiyo. Za M.2, zile SSD ndogo bapa zinazochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, angalia kwanza mashine yako inakubali za NVMe (za kasi zaidi) au za SATA, kwa macho zinafanana. Wenye laptopu yenye DVD, itoeni hiyo DVD muweke kedi ya diski, yaani fremu ya kushikia diski inayoingia kwenye nafasi ya DVD, ila pimeni unene kwanza, kuna za milimita 9.5 na za 12.7.

Ndugu zangu tuache kuogopa bisibisi. Tunatishwa na watu wanaotaka kutuuzia, tunatoa hela ya ada za watoto kununua mashine mpya wakati iliyopo haijatumika hata nusu. Fungua, angalia, uliza, ndipo ununue.

Na tafadhali, diski mbili ndani ya kasha moja siyo bakapu, yaani nakala ya akiba. Umeme wetu unavyokatika na kurudi kwa kishindo, au radi ikipiga, zinaweza kwenda zote kwa pamoja. Mimi kila harusi nikimaliza naikopi kwenye diski ya nje, na hiyo diski inakaa kwa dada yangu Mbagala, haikai chumba kimoja na kompyuta.